Anwani Niliyoipa Kadi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipowaambia watu wa shamba la maua kule Usa River kwamba kompyuta yao mimi nitaiweza tu. Ulimi wangu huo! Ilikuwa miaka soko limefunguliwa, vitu vya nje vimejaa madukani, na mimi ndiye binti pekee wa Kikatiti aliyejua kuandika programu. Kichwa kilikuwa kimevimba, sikufichi.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kadi iliyochomekwa kwenye kompyuta ipime joto la chumba cha baridi cha maua, kisha iandike vipimo kwenye memori. Mimi niliandika draiva yake, kipande cha programu kinachokaa ndani ya kiini cha mfumo, ile programu kuu inayoendesha kompyuta nzima. Kila nikiiwasha kadi, kompyuta inaganda. Siku tatu! Meneja akasema Ijumaa ikifika bado, analeta mtaalamu kutoka Nairobi. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Lakini kuuliza mtu? Thubutu.

Alhamisi nikasalimu amri, nikaenda Ngarenaro kwa Mzee Mbise, fundi aliyenifundisha kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona sura ya msiba?"

Akasoma nilichoandika, taratibu, miwani puani. "Kadi umeiambia ikaandike wapi?"

"Kwenye anwani niliyopewa na kiini."

"Ehee. Kwenu barua zinafikaje?"

Nikamjibu kwamba zinakuja kwa sanduku la posta la usharika. Jumapili baada ya ibada katibu anaita majina, na yeye ndiye anayejua nani anakaa wapi.

"Sasa mgeni anayekuja kwa miguu, naye unampa namba ya sanduku? Si ataishia posta, binti!"

Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Maana kiini, mwanangu, hutoa anwani za namna hiyo: si mahali penyewe kwenye chipu ya memori, ila kinalo jedwali la kujua kila anwani iko wapi hasa. Programu zote hupitia jedwali hilo. Kadi yangu haikupitia, ilikwenda moja kwa moja. Nilikuwa nimeipa namba ya sanduku, ikawa inamwaga vipimo vya joto juu ya kazi za programu nyingine, ndiyo maana kompyuta ikaganda.

"Ungekuja Jumatatu," mzee akasema, "usingekosa usingizi siku zote hizi."

Nikaongeza mstari mmoja tu, wa kukiomba kiini kitoe anwani halisi kabla kadi haijapewa. Ijumaa asubuhi vipimo vikaingia, mawaridi yakapanda ndege, na meneja akaniita "Injinia" mbele ya wafanyakazi wote. Nilijivuna, na leo bado najivuna. Mtaalamu wa Nairobi hakuja. Mwaka uliofuata, mimi ndiye niliyeitwa Nairobi.

Basi mwanangu, unapomwelekeza mtu, jua kwanza yeye anapita njia gani. Na ukikwama, uliza siku ya kwanza. Jivunie kazi yako, usijivunie kunyamaza. Mungu alitukuze jina lako kuanzia mlima huu hadi ng'ambo, na kila utakapokwama usikose mlango wa kupiga hodi.