Niliosha nyumba ya mbao ya cucu kwa mashine ya car wash

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi huwa nasoma tu hapa, sijawahi kuandika. Niliachia darasa la nane na naandika polepole, kwa hivyo mnivumilie. Yote haya yalinitokea, sijaongeza chumvi.

Nyumba iko huku Mweiga. Ni ya mbao za mutarakwa, ule mwerezi wa huku kwetu; guka, babu yangu, aliijenga kabla mama yangu hajazaliwa. Guka alishafariki. Mimi nimelelewa humo na cucu, nyanya yangu, sisi wawili tu.

Mwaka jana baridi ilimshika cucu kifuani. Anti, binti yake, akamchukua akakae kwake Kagio kwenye joto, na akaniambia wazi kwamba cucu hatarudi kwa nyumba inayopitisha upepo. Mvua ikiisha kama bado iko hivyo, itabomolewa, mbao zijenge boma la ng'ombe.

Kila Jumapili cucu alikuwa ananipigia simu.

"Nyumba iko?"

"Iko, cucu."

Halafu: "Na ng'ombe?"

Alikuwa anauliza nyumba kwanza, kila mara.

Basi nikaamua kuitengeneza. Nilianza na upande unaotazama milima ya Aberdare, ule unaopigwa na ukungu. Mbao zilikuwa zimeota kijani, na zile za chini zilikuwa nyeusi kwa maji yanayoruka kutoka kwa mabati. Nilikuwa na ndoo, sabuni na brashi. Siku nzima nikamaliza sehemu kama ya mlango mmoja.

Mwangi akapita. Tulisoma pamoja, siku hizi anaosha magari pale sentaa.

"Buda, utamaliza hiyo ukuta ukiwa na mvi. Hata ng'ombe haioshwi na brashi ya viatu."

"Ni ya kufulia."

"Ngoja nilete mashine."

Mimi kukataa mtu huwa kunanishinda. Pia nilitaka Jumapili niwe na kitu cha kumwambia cucu.

Wakuu, ile mashine ina nguvu. Kijani kilitoka chote, mbao zikawa nyekundu, na harufu ya mutarakwa ikatoka kama penseli inachongwa. Tulicheka sana.

Halafu nikaingia ndani.

Niwaeleze kitu. Ndani ya hizi nyumba zetu watu hubandika magazeti ukutani kwa uji mzito, kuziba upepo. Cucu alibandika kila Disemba, juu ya yale ya zamani. Hajui kusoma, kwa hivyo mengine aliyaweka kichwa chini. Mimi nilijua kusoma kwa huo ukuta kabla ya shule. Chakula kikiwa jikoni, cucu angeelekeza mwiko mahali na kuuliza, "Hiyo inasema nini?" Ikiwa kichwa chini, nainamisha kichwa upande, nasoma.

Maji yalikuwa yamepita kwa nyufa. Magazeti yote yalikuwa yameanguka juu ya kitanda chake, yamekuwa kama ugali wa maji.

Mwangi akasimama mlangoni. "Pole, buda. Lakini si ni magazeti tu?"

Nikaanza kuyazoa kitandani kwa mikono.

Jumapili simu ikalia. "Nyumba iko?" Nikasema iko. Ilikuwa mara ya kwanza kumficha cucu kitu.

Nilingoja wiki mbili mbao zikauke. Mashine ilikuwa imezitoa nyuzi kama manyoya, nikazipiga msasa kufuata mistari yake. Nikapigilia vipande vyembamba juu ya kila ufa. Nikachimba udongo uliokuwa umegusa mbao za chini, halafu nikazipaka oil chafu ya gereji, mchwa haipendi. Pande zilizobaki niliosha kwa brashi, polepole.

Magazeti niliomba kwa kinyozi. Nikapika uji, nikabandika yote yakiwa yamesimama vizuri.

Nilipomaliza, nikaona ni kama nyumba ya watu wengine. Nikachukua ukurasa mmoja usio na picha, nikaubandika kichwa chini, kando ya kitanda chake.

Jumamosi Anti akamleta. Cucu alizunguka nyumba yote, mkono kwenye mbao.

"Mami, gari iko," Anti akasema. "Ukisikia baridi turudi."

Cucu aliingia, akakaa kitandani, akaweka kiganja pale upepo ulikuwa unaingilia. Akaangalia ukuta muda mrefu.

"Hizi gazeti si zangu."

Nikamwambia yote, mpaka ya mashine.

"Zilianguka zote?"

"Zote, cucu."

Nilidhani atainuka aende kwa gari. Badala yake akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda. Halafu akainua fimbo yake ya kutembelea, akagusa ule ukurasa.

"Hiyo inasema nini?"

Nikainamisha kichwa, nikasoma.

Nilichojifunza ni hiki: nyumba ya mbao kuukuu ioshwe kwa mkono, na kabla hujaiosha nje, ingia ndani kwanza uone kuna nini upande wa pili. Mwenye kujua dawa nzuri ya ule ukijani, aniambie, kwa sababu umeanza kurudi.

Na kama kwenu kulikuwa na ukuta wa magazeti, andika hapa chini kando ya kitanda chako palikuwa pameandikwa nini. Pangu palikuwa na bei ya viazi, na nusu ya barua ya mtu aliyekuwa anatafuta rafiki wa kalamu. Nusu ya pili cucu alikuwa ameifunika. Sasa sitaijua.