Blanketi la Thika

Kosa letu ni kuionea haya kazi ya mikono yetu, nami kazi hiyo niliijua kwa harufu yake: harufu ya pamba, rangi na mafuta ya mashine, aliyorudi nayo baba kila jioni nyumbani kwetu Makongeni, mjini Thika. Baba alikuwa mfumaji wa mablanketi kiwandani. Msimu mmoja wa baridi mablanketi yalirundikana ghalani, na wafumaji wakatangaziwa kwamba yasipopata wanunuzi, idara yao ingefungwa. Kwa baba, hilo lilimaanisha kurudi Ngoliba kupalilia mahindi yanayokauka kabla ya kubeba. Basi mama akachukua mzigo, akanishika mkono, tukaenda Ruiru, ambako watu wa mishahara walikuwa wameanza kujenga nyumba za mawe. Mke wa karani mmoja alilipapasa blanketi, akaliweka shavuni, akafumba macho. “Haiya, ni laini hivi! Ni la ng’ambo?” Mama akamjibu, “Ni la Thika. Mume wangu ndiye aliyelifuma.” Mkono wake ukarudi kama ulioguswa na moto. “La Thika? Sasa wageni wakija nitawaambia nini?” Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini hawakuwahi kuuza blanketi Ruiru.

Tuliporudi sokoni Thika, kijana mmoja muuza mitumba alimtupia mama lebo za ng’ambo zilizokatwa kwenye makoti makuukuu. “Shona hizi, mathe. Kesho yataisha yote.” Mama aliinamisha kichwa, akatunga uzi. Hapo mwanamke wa meza ya pili, Bi Zuhura, Mwislamu mwenye ulimi mkali aliyeishi kwa kuuza nguo hizo hizo za ng’ambo, akainuka na kumpokonya sindano. “Mama Njoki, ukiishona hiyo unamzika mumeo angali anapumua.” Akaziondoa mezani nguo alizokuwa akiuza, akatandaza mablanketi yetu, akapaza sauti: “Ya Thika! Ya Thika! Anayeona haya akajifunike lebo!” Watu wakacheka, wakasogea, wakanunua. Wake wa wafumaji wengine wakamletea Bi Zuhura mizigo yao, na idara ikanusurika miaka kadhaa.

Leo naishi Membley, mtaa wa huko huko Ruiru. Tabaka la kati limenenepa, hapa kwetu na duniani kote, na wataalamu wanatuahidi kwamba fedha zake zitaamsha viwanda. Viwanda vya nani? Makontena huja yamejaa na kurudi matupu, na majirani zangu, waliojivika ng’ambo kuanzia soksi hadi mapazia, huniuliza kwa nini watoto wao waliosoma hawapati kazi. Idara ya baba ilifungwa hatimaye, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, na hasira yangu haijapoa. Blanketi moja bado linanifunika. Mgeni akiuliza ni la wapi, humjibu bila kupunguza sauti: ni la Thika, alilifuma baba yangu, na aliyelinusuru jina hilo ni Bi Zuhura.