Mvivu wa Shangazi Zaina

Jioni hii nimemimina mawese kwenye sufuria, na kabla hayajapata moto jiko langu lote la huku Amerika limenuka Wamaza, kijijini kwetu Kongo. Napika nikiwa nimekaa, maana magoti yangu hayapendi tena nisimame. Yamekwisha, wenzangu. Niliyamalizia kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana, nikiwa mlinzi wa mstari wa mbele: unainama, unamwekea mtu mzito mikono kifuani, unamsukuma arudi alikotoka. Siku hizi nafundisha vijana kazi hiyohiyo, na nimechoka. Mmoja wao hanisalimii. Nitamfikia.

Watu huniuliza nilijifunzia wapi kusukuma. Nilijifunzia nyuma ya nyumba ya Shangazi Zaina, dada mkubwa wa baba, aliyenilea tangu baba alipofariki. Alikuwa na mashini ya kukamulia mawese, pipa la chuma lenye nguzo katikati na mti mrefu uliolazwa juu yake. Watu wawili walishika mti, mmoja kila ncha, wakazunguka pipa asubuhi nzima huku ndani chikichi zilizochemshwa zikipondeka na mafuta mekundu yakitiririka chini. Ardhi ya pale ilikuwa inateleza, na nyuki hawakuondoka.

Mwili wangu ulikuwa umetangulia umri. Majirani walinitania, "Huyu hapana mutoto, ni gunia ya muchele yenye miguu." Mimi nikitaka kuwaonyesha, niliukimbiza mti hadi mwenzangu wa ncha ya pili akaburutwa, na baada ya mizunguko michache nilikuwa chali kwenye matope. Shangazi hakuninyanyua. Alisema tu, "Muti haikimbizwi, Amisi. Muti inalaliwa." Akanionyesha: magoti yakunjwe, kiuno kishuke, kifua kiegemee, hatua ziwe fupi. Nimelipwa na wazungu kwa maneno hayo, na sijapata kocha aliyeyasema vizuri zaidi.

Basi siku moja akaja Baba Mdogo Ramazani, mdogo wake baba, kwa pikipiki kutoka Salamabila, alikokuwa na shimo la dhahabu. Alinizunguka kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akamgeukia dada yake mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu.

"Yaya Zaina, huyu amekuwa mwanaume. Nipe yeye, niende naye mu shimo."

Nilitaka kwenda! Vijana wa Salamabila walirudi na viatu vya mpira na redio, na hakuna aliyewaita magunia. Nikaushika mti, nikashuka chini kama nilivyofundishwa, nikaulalia. Mwenzangu akaachia ncha yake kwa mshangao, na nguzo ikaendelea kuzunguka kwa nguvu zangu peke yangu. Sijawahi kusukuma vizuri namna ile tena.

Shangazi akatema mate pembeni.

"Huyu? Huyu ni muvivu. Leo anasukuma sababu amekuona. Kesho atalala mule ndani, udongo ifunike yeye na wenzake. Mwili tu ndio iko mukubwa."

Wanaume waliokuja kununua mafuta wakaangua kicheko. Baba Mdogo akaniangalia upya, akakunja uso. Shimoni hakuna anayemtaka mvivu nyuma yake. Akamchukua Saidi, mtoto wa jirani, mfupi kwangu kwa kichwa kizima. Jioni Shangazi aliniletea sombe ya majani ya muhogo iliyojaa mawese, akauliza kwa sauti ya chini, "Utakula?" Sikula. Niliumia sana. Nilimchukia mwanamke yule kwa chuki ya kitoto ambayo haina breki.

Saidi alirudi mvua zilizofuata akiwa amebebwa. Shimo lilimwangukia, na mguu wake mmoja haukupona. Nilimwona akiburuta mguu ule, na hata hivyo nilikumbuka kicheko tu. Baadaye vita vikatutawanya: Shangazi akakimbilia Kasongo, mimi nikavuka ziwa na majirani, hadi kambi ya wakimbizi, halafu huku. Neno lile, mvivu, nilisafiri nalo.

Juzi kocha mkuu aliniuliza mbele ya wote kama kijana huyu asiyenisalimia siku hizi anaweza kucheza Jumapili, kwa kuwa wachezaji wakubwa wa nafasi yake wameumia. Kijana alikuwa amesimama palepale, macho yanawaka. Bega lake halijapona. Analificha, ila mimi naona anavyovaa shati. Ningetaja bega, angeapa kwamba ni zima, wangemchoma sindano ya maumivu na kumwingiza uwanjani. Nikasema, "Huyo? Mvivu wa miguu. Bado sana." Wenzake wakacheka. Kocha akachagua mwingine.

Nilitoka nikaingia garini, nikakaa humo bila kuwasha injini. Halafu nikampigia Shangazi simu, huko Kasongo.

"Shangazi, siku ile ya Baba Mudogo, nilikuwa muvivu kweli?"

Alicheka hadi kikohozi kikamshika. "Muvivu gani? Ulikuwa karibu kunivunjia muti yangu." Akaendelea, "Ungejua naogopa shimo ile, ungesema utaenda tu. Sasa, umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nilikuwa sijala.

Leo kijana amenipita mlangoni bila salamu, shingo imenyooka. Sikumwita. Chuki ile naijua uzito wake, nimeibeba kutoka Wamaza mpaka huku. Acha naye aibebe. Bega litapona kwanza.