Nani aliita papa?

Bandugu, nani aliita papa yangu leo asubuhi?

Bon. Myaka makumi mbili na saba papa alitumika ku depo moya. Vita ikakata barabara ya Goma. Jana patron akafunga depo, akafukuza bote.

Leo saa kumi na mbili na nusu, ile saa kila siku chef wa depo anaitaka majina ya batumishi, papa iko anakunywa chai mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yetu. Akasimama wima:

«Présent!»

Tukacheka.

Mama akamuambia: «Hakuna mutu alikuita.»

«Chef Alphonse ameniita.»

Chef Alphonse tulimuzika mwaka jana.

Kicheko ikakatika.

Alors, nyuma ya ukuta, jirani Tonton Saidi, mwenye jina yake inafuataka ya papa ku liste ya depo, akaitika:

«Présent!»