Punda Aliyeachwa Kiganjo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Mama alikuwa ameviazima kwa jirani, mke wa karani, ili niingie mjini Nyeri nikiwa nimependeza. Nilidhani kiwanda cha kuchapa vitabu ni mahali patulivu pa watu wanaonong'ona. Nilipofungua mlango nilikutana na mashine inayotikisa sakafu, harufu ya mafuta ya taa, na mzee mfupi mwenye aproni iliyokakamaa kwa wino. Huyo alikuwa Foromani, msimamizi wa wapiga chapa, mtu wa Meru aliyehamia kwetu zamani. Aliniangalia miguu kabla ya uso.

"Hiyo viatu ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi ambia hiyo rangi kwaheri."

Kufika saa sita mchana kiatu cha kushoto kilikuwa na doa la wino kubwa kama yai. Jioni mama hakunifokea. Alinituma nivirudishe mwenyewe, doa likiwa pale pale, na nieleze kwa mdomo wangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ua ule wa jirani niliuona mrefu kuliko njia yote ya kutoka mjini hadi kwetu Tetu.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Shule zilikuwa zikifunguliwa kila kijiji na watoto walitaka vitabu vyenye majina ya kwao. Mimi nilianza kama msomaji. Kazi ya msomaji ni kukaa na mswada, yaani maandishi ya mwandishi kwa mkono wake, na kuusoma kwa sauti, nukta na mkato pia, huku mwenzako akifuata kwenye prufu, ile karatasi ya kwanza ya majaribio. Koo lilikauka kila siku. Baada ya miaka miwili nikapandishwa kuwa msahihishaji, kisha nikapewa vitabu vya watoto, kwa sababu wanaume wa ofisini waliona kazi hiyo ni ndogo.

Kuna jambo moja la kazi hii lazima mlielewe, la sivyo hamtaelewa kosa langu. Karatasi moja kubwa ikichapwa pande zote na kukunjwa hutoa kurasa kumi na sita. Vitabu vyetu vya watoto vilikuwa vya karatasi nne kubwa, kurasa sitini na nne. Mistari ikizidi, hata kumi tu, hakuna pa kuiweka, na hakuna meneja atakayekunja karatasi nyingine nzima kwa ajili ya mistari kumi. Unakata.

Mwandishi wetu mkubwa alikuwa Mwalimu Wachira, mwalimu mkuu mstaafu wa Karatina, mrefu, mwenye koti moja tu la kahawia na tabia ya kurekebisha Kiswahili cha kila mtu, hata cha mhubiri. Alituandikia mfululizo wa visa vya Kairu na Njoki, ndugu wawili waliokuwa wakiwafukuza wezi huku na huku chini ya Mlima Kenya. Katika kitabu cha kwanza wezi wameiba magunia ya pareto ya chama cha wakulima. Kairu na Njoki wanamkuta mama mmoja wa Endarasha, Mama Gathoni, akitoka kuchota maji. Wanamwomba punda wake, wanamwambia watarudi, wanakwenda mbio hadi stesheni ya Kiganjo, wanamfunga punda kwenye nguzo na kudandia gari la moshi. Wezi wanashikwa katika soko la Karatina, kati ya marundo ya viazi na kabichi, na kila mtu anapiga makofi.

Mistari kumi na moja ilizidi. Nilimpelekea Meneja.

"Kata," akasema bila kuinua kichwa. "Mashine inangoja."

"Nimuulize Mwalimu kwanza?"

"Mwalimu yuko Karatina na mashine iko hapa. Kata."

Nikatafuta pa kukata. Karibu na mwisho kulikuwa na aya ambamo Kairu anarudi Kiganjo kesho yake, anamfungua punda, anamrudisha Endarasha na kumchotea Mama Gathoni maji siku nzima. Mistari kumi na moja kamili. Nilifurahi! Nikajiambia wezi wameshashikwa, nani atamkumbuka punda? Mimi nilikulia Tetu, ambako mto unapita chini ya shamba la kila mtu. Nikachukua kalamu nyekundu.

Kitabu kilipendwa sana. Cha pili kilikuwa kimeshatoka wakati barua ilipokuja kutoka Endarasha, imeandikwa kwa penseli na msichana wa darasa la tano aitwaye Wanjira. Ninayo mpaka leo. Iliandikwa hivi: "Mimi nimesoma kitabu chenu mara tatu. Punda ya Mama Gathoni iliachwa Kiganjo. Huku kwetu maji iko mbali. Kama hakuna punda, mama anabeba mtungi na mgongo na mtoto hapati kuja shule. Kitabu ya pili Kairu anacheza mpira. Ni nani alimpatia Mama Gathoni maji?" Chini yake mwalimu wa darasa alikuwa ameongeza kwamba watoto wake wamekata shauri Kairu na Njoki nao ni wezi, na hawataki kusomewa kitabu cha pili.

Nilisoma barua ile nimesimama, nikahisi joto masikioni. Mama Gathoni alikuwa amepewa kurasa mbili tu, hata hatukumchora. Lakini watoto wa Endarasha hawakuwa na Kairu kijijini kwao. Walikuwa na akina Mama Gathoni wengi, waliwaona kila asubuhi wakipita. Mashujaa wetu walipita kwake kama upepo, na watoto wale wakabaki naye, wakimhesabia safari za mtoni.

Meneja alicheka. Alimpelekea Mwalimu nakala ya barua kama kichekesho, na Mwalimu akaja Nyeri siku iliyofuata. Alikaa mbele ya meza yangu na kofia yake magotini.

"Nyaguthii," akaniambia, "ningeapa kwamba nilimrudisha yule punda. Naiona aya yenyewe. Naona hata kamba."

Nilipaswa kusema wakati ule ule. Mswada ulikuwa katika kabati nyuma ya kiti changu, na Mwalimu hakuwa na nakala nyingine. Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema, "Pengine ulikusudia, Mwalimu, ukasahau." Haya ndiyo maneno ninayoyaonea haya kuliko yote niliyowahi kusema kazini.

Alitikisa kichwa polepole. "Basi ni kichwa," akasema. "Baba yangu naye alianza hivyo hivyo."

Baada ya mwezi ilikuja barua yake fupi. Hataandika kitabu cha tatu. Mtu asiyetofautisha alichoandika na alichofikiria tu hafai kuandikia watoto. Meneja alianza kutafuta mwandishi mwingine wa kuendeleza Kairu na Njoki. Mimi sikuweza kula. Nilimfuata ofisini.

"Bwana Meneja, nitamwambia Mwalimu ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba ni mimi nilikata."

"Sikiliza. Kampuni haiombi msamaha kwa sababu ya punda. Maji ikimwagika haizoleki. Wachana na hiyo mambo."

"Endarasha maji hayamwagwi," nikasema.

"Ukienda Karatina, usirudi kwa hiyo kiti yako."

Jumamosi nilichukua ukurasa ule wa mswada, nikauweka ndani ya Biblia usikunjike, nikaenda. Sikujiona shujaa. Niliogopa kupoteza kazi, kwa kuwa ndugu zangu wawili walikuwa shuleni kwa mshahara wangu. Lakini njia ya kurudisha kitu chenye doa nilikuwa nimefundishwa, na mama yangu hakuwa amenipa njia nyingine.

Mwalimu alikuwa nje akipalilia kahawa. Nilimpa ukurasa kabla sijasalimia vizuri. Alivaa miwani, akausoma mpaka chini, pamoja na mstari wangu mwekundu uliopita katikati yake. Alikaa juu ya ukuta wa tuta.

"Unajua nimekuwa nikifanya nini kila asubuhi?" akaniuliza. "Kabla ya kutoka kitandani nataja majina ya watoto wote tulioanza nao shule. Mmoja mmoja, kwa mpangilio wa madawati. Najipima kama kichwa bado kipo. Wiki iliyopita nilikwama kwa mmoja, nikalia. Mke wangu alinisikia."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nenda nyumbani, binti yangu. Nenda sasa, kabla sijasema neno nisiloweza kulifuta."

Jumatatu nilimwambia Meneja nimekwenda. Hakunifukuza. Alinihamishia duka letu la vitabu huko huko Karatina, karibu na soko, kuuza madaftari na chaki. Foromani alinibebea sanduku hadi barabarani.

"Wewe ni kichwa ngumu," akasema. "Ati kwa sababu ya punda!" Kisha akaniwekea mfukoni herufi moja ya risasi, ile metali ya kuchapia, N kubwa, ya Nyaguthii. "Usipoteze. Utairudisha siku utarudi."

Miezi ilipita. Duka lilikuwa na vumbi, na siku za soko mikokoteni ilijaa mpaka mlangoni. Mwalimu alipita nje kila wiki na kikapu chake, hakugeuza shingo. Niliamua nitamsalimia kila mara, ajibu asijibu, na nilimsalimia. Wateja walidhani nina kichaa, kusalimia mgongo wa mtu.

Siku moja mgongo uligeuka. Mwalimu aliingia, akaweka madaftari matatu juu ya kaunta.

"Kitabu cha tatu," akasema. "Kairu na Njoki wamo, lakini hawatangulii. Anatangulia Mama Gathoni. Anatoka Endarasha kwa miguu na mtungi mgongoni, anamtafuta punda wake hadi Kiganjo. Nimeutembea mwendo ule mwenyewe, nione unachukua muda gani. Nimelala njiani kwa watu." Alipumua. "Ni kurasa sitini na nne. Nimehesabu maneno kwa kila mstari. Usipate kisingizio."

Juu ya daftari la kwanza alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wa kusahihishia insha: *Punda asiguswe.*

Nililia pale kaunta, mbele ya mtoto aliyekuja kununua kifutio.

Katika kitabu kile Mama Gathoni anakuta punda hai, kwa sababu mzee mmoja wa reli, anayebadilisha njia za gari la moshi, amekuwa akimnywesha maji na kumlisha majani. Mzee yule ana nusu ukurasa. Kairu anafika ameinamisha kichwa, na Mama Gathoni anamwambia, "Kumbe unajua njia ya kurudi?" Meneja hakupenda, ila alikuwa na darasa zima la Endarasha lisilotaka vitabu vyake, na shule za jirani zilikuwa zimeanza kuuliza. Akakichapa. Foromani alizipanga herufi kwa mkono wake, na hakumruhusu mtu kugusa.

Nakala ya kwanza ilikwenda kwa Wanjira. Akajibu upesi: "Asante. Sasa ni sawa. Lakini huyo mzee wa reli ako na watoto? Na punda anaitwa nani?"

Mwalimu alisoma barua hiyo dukani kwangu akacheka mpaka akashika rafu. "Huyu mtoto atanizika nikiandika!" akasema. Tuliliomba darasa litoe jina, nao wakamwita punda Kanyoni, yaani kindege. Ndivyo anavyoitwa kuanzia kitabu cha nne. Mzee wa reli naye akapata binti.

Meneja mwingine alipokuja, mtu mpole aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule, alinirudisha Nyeri na kunifanya mhariri wa vitabu vya watoto. Foromani alinyoosha mkono kabla ya salamu, nikampa N yake. Nilianzisha daftari la watu wadogo wa mfululizo ule: nani aliazimwa nini, nani aliahidiwa nini, nani aliachwa mvuani. Wahariri vijana waliona ni mzigo. Kurasa zikizidi walikuja mbio kuniuliza wakate wapi, nami niliwauliza, "Katika aya hiyo kuna mtu anayengoja?" Kama yupo, tulikata milima, tulikata machweo, tulikata hata hotuba za Kairu, ambazo zilikuwa ndefu mno.

Nimestaafu miaka mingi sasa. Mwalimu alitutoka akiwa na akili zake zote, akiwa amefikia kitabu cha tisa. Mitambo ya herufi za risasi iliuzwa kama vyuma chakavu. Nyinyi mnaoandika kwa vioo vya kompyuta mna kurasa zisizokwisha, hamna sababu ya kumwacha mtu Kiganjo, na bado nasoma vitabu vyenu naona watu wamefungwa kwenye nguzo kila mahali. Sitaacha kuwaandikia barua.

Mimi pia nimefika umri ule. Juzi nilitafuta miwani nikiwa nimeivaa, na moyo ukashtuka. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, najipima kama Mwalimu. Kairu na Njoki siwataji, hao wanajulikana. Naanza na Mama Gathoni wa Endarasha. Namtaja mzee wa reli, na binti yake. Namtaja muuza kabichi wa Karatina aliyewaficha watoto chini ya gunia, na mke wa karani, jirani yetu, aliyepokea viatu vyake vina doa akaniambia niingie ninywe chai. Wa mwisho ni Kanyoni. Nikimfikia bila kukwama, najua bado nipo, naamka kuwasha moto.