Nilivyokata Paa la Gari Ili Mama Mkwe Aonekane

Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka, ingawa kuna watu hapa Kitengela ambao mpaka leo wakipita karibu na karakana yangu ya kuchomelea vyuma huniuliza kama bado nakata mapaa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwaya ya akina mama wa kanisa letu ikashinda mashindano, na kiongozi wao alikuwa mama yake Mueni, mke wangu. Mama huyo hakuwa amewahi kukanyaga nyumbani kwangu ingawa tulitenganishwa na barabara tu, kwa sababu nilimchukua Mueni kabla wazee hawajaketi kupanga mahari (ujana ni moshi), na mimi aliniita "huyo fundi". Mueni hakulalamika, lakini kila Jumapili alipika chakula cha mtu mmoja zaidi, na mimi nilikuwa naona.

Basi ulipotangazwa msafara wa kuzungusha kombe mjini, nikasema hapa ndipo pa kumpata mama. Nilikuwa na kigari kizee cha milango minne, nikachukua msumeno nikaliondoa paa lote, nikapiga rangi nyeupe, likawa gari la wazi kama la rais siku ya sikukuu. (Fundi mwenzangu, Ole Sankale, alinionya, "Bwana, paa ndiyo inashika hiyo gari, ukitoa itakunja mgongo." Nikamwambia ana wivu.)

Sasa, sisi Wakamba, mkwe na mama mkwe hawasogeleani, hawashikani mikono, hawakai benchi moja, na gia za gari lile nilizijua mimi peke yangu. Wazee wakaamua niendeshe bila kugeuka. Nikakiinua kioo cha ndani kikatazama juu, kwa hiyo njia nzima nilichoona nyuma yangu ni mawingu tu, yanazidi kuwa meusi, na bado nikaendelea.

Mama alikaa nyuma na waimbaji wawili, kombe mikononi, watu wanapunga matawi, vigelegele kila upande, nami kifua mbele. Tulipofika sokoni tukaingia shimo moja, gari likalia kraa, likabonyea katikati, milango yote ikakwama, na mvua ikashuka palepale. Waimbaji wakaruka nje, wapiga ngoma wakakimbilia vibandani, tukabaki mimi na mama mkwe ndani ya gari lisilo na paa, yeye na goti lake bovu na kombe linalojaa maji, mimi nikitazama usukani. Kumshika siwezi, kumwacha siwezi. Nilitamani lile shimo liwe refu zaidi linimeze.

"Mungu wangu," nilimsikia akiiambia mvua, "huyo fundi ataniua na homa."

Ndipo akaja Mama Nashipai, mama wa Kimaasai aliyeuza maziwa pale sokoni. Akatutazama, akamuuliza mama, "Huyu ni mkwe yako?" Mama akaitikia. Hakuhitaji kuelezwa, maana kwao pia heshima hiyo iko. Akawaita wenzake, wakavua shuka zao kwenye mvua ile, moja wakaitandaza katikati yetu kama pazia, nyingine wakampitishia mama chini ya makwapa.

"Wewe kijana, angalia mbele," akaniambia, wakamwinua, wakamshusha taratibu mpaka chini. Kisha, kwa vile kwa mama kulikuwa kumefungwa na jiko limezimwa, akauliza nyumba ya karibu yenye moto ni ya nani.

Ilikuwa yangu.

Mimi nilibaki nje, nimejibanza ukutani, maji yananitiririka kisogoni, na kule ndani nasikia vikombe, na Mueni anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aje kwangu. Baada ya muda akatoka, machozi yakimlengalenga.

"Mama anasema chai ni tamu," akasema. "Na anasema, mwambie mkwe wangu hii paa ya nyumba asiikate."

Mkwe wangu. Nikageuka upande wa mvua ili Mueni asinione ninavyolia.

Gari nililiuza kama chuma chakavu, na nimeapa sitakata tena paa la kitu chochote, hata la banda la kuku. Lakini mvua ikinyesha nawashukuru wale akina mama waliokubali kulowa ili heshima yetu isilowe, na nikikutana na Mama Nashipai namwambia ashe oleng, asante sana. Yeye hunijibu niangalie mbele.