Njia Isiyong'aa

Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Geita kununua misumari, nikatoka bila misumari. Mwenye duka alikuwa amefungua kopo la polishi nyekundu ya sakafu kumwonyesha mteja, na ile harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na mshumaa ikanisimamisha palepale, pochi mkononi. Kijana wa dukani aliniuliza mara mbili nahitaji nini. Mimi nilikuwa nimeshafika Tinde, nilikokulia, nina miaka tisa, na magoti yangu ni mekundu.

Ninyi mliokulia kwenye nyumba za sakafu ya saruji nyekundu mnanielewa. Polishi unaipaka kwa kitambaa ukiwa umepiga magoti, unaiacha inywe kidogo, halafu unasugua kwa kipande cha blanketi kuukuu. Mwisho unasimama juu ya hilo blanketi na kuteleza nalo kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka sakafu ing'ae. Kule kuteleza ndiko kulikonifanya niamke mapema Jumamosi bila kuitwa. Baada ya hapo Bibi alikuja kukagua. Alisimama mlangoni, akainamisha kichwa, na kama hakuiona rangi ya kanga yake sakafuni, nilirudia.

Bibi ndiye mama yake mama yangu. Tuliishi watatu: Bibi, Mama na mimi. Mama aliuza vitenge minadani, leo Isaka, kesho kutwa kwingine, akitoka alfajiri na kurudi jua limezama, kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa yetu sisi wawili. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na alinituma kama mke mdogo hasa. Barabara kubwa ilipita mbele ya nyumba, malori yakipita na vumbi lake, na vumbi lile Bibi alilichukulia kama tusi analotukanwa yeye binafsi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, bati lina kutu na mlango wa uani umelegea. Lakini sakafu ya sebule yake watu waliizungumzia mpaka sokoni. Wageni walivua viatu barazani bila kuambiwa.

Mwaka ule, kabla ya mambo ninayotaka kuwasimulia, Bibi alijikwaa kwenye ndoo uani akaanguka. Hakuumia sana, lakini Mjomba Ramadhani, kaka yake Mama, alipata habari. Mjomba alikuwa mchimbaji wa dhahabu huku Geita, ana shimo lake na watu wake, na alikuwa amemaliza kujenga nyumba ambayo sakafu yake ni ya vigae vyeupe mpaka jikoni. Alipiga simu, na kwa kuwa Bibi alipenda kuiweka simu kwenye spika na kuishika mbali kama kitu kinachoweza kuuma, nilisikia yote.

"Mama, siku nikisikia umeanguka tena, siku hiyo nakuja kukuchukua," alisema. "Hatutajadiliana."

Bibi alikata simu akaniangalia. "Geita nitakuwa mgeni mpaka nife," akasema. "Hapa hata mbuzi wa watu wananijua."

Nilicheka, ila nilikuwa najua kuchukuliwa maana yake nini. Jirani yetu, Mama Kulwa, alikuwa na mama mkwe aliyevunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya Kolandoto, akatibiwa, akapona kadiri inavyowezekana, lakini alipotoka watoto wake walimpeleka moja kwa moja kwa kaka yao mkubwa, mbali. Nyumba yake ilifungwa kufuli, na kuku wake wakagawanywa. Mimi nilipewa mmoja. Kila nilipomtupia mahindi yule kuku nilimkumbuka yule bibi aliyeondoka bila kuaga mtu.

Sasa, zilikuwa zimebaki siku nne Idd ifike, na Mjomba alikuwa amesema atakuja kula sikukuu na sisi. Bibi aliamua sakafu ipigwe siku hiyo, na ipigwe tena siku ya mwisho. Nilipiga polishi kama sijawahi kupiga. Niliteleza juu ya blanketi mpaka miguu ikaniuma. Saa kumi Bibi alikwenda uani na birika lake kutawadha kwa ajili ya swala ya alasiri, na aliporudi, nyayo zinachuruzika maji, alikanyaga kazi yangu.

Sauti ya anguko lake sitaisahau, kwa sababu haikuwa kubwa. Ilikuwa kama gunia la mpunga linaloshushwa na mtu aliyechoka. Nilipofika alikuwa amelala ubavu, ushungi umemfunika jicho moja, na kiganja cha kushoto kiko chini ya kiuno chake. Tulitazamana. Halafu akaanza kucheka, kicheko chembamba cha mtu anayeumia.

"Mke mwenzangu," akasema, "leo umeipiga kweli."

Nililia mimi. Nilimsaidia kukaa, kisha kujivuta mpaka kitandani. Alijaribu kiganja, kikakunjika. Alijaribu mguu, ukainuka. Akasema alhamdulillahi, akanishika kidevu. "Mama yako asijue. Mjomba wako asijue kabisa. Umenisikia?" Nikasema nimesikia.

Mama Kulwa alijua, kwa sababu tulihitaji maji ya moto ya chumvi na mtu mzima wa kumkanda. Alikuja na kitambaa, akamkanda kiuno bila kuuliza mengi. "Pole, Mama Ramadhani," akawa anasema, "pole, mayu," yaani mama. Bibi akasema wabeja, ahsante ya Kisukuma, ambayo ndiyo Kisukuma pekee alichokitamka bila kukosea. Jioni Mama aliporudi aliambiwa ni baridi ya magoti. Bibi aliswali akiwa amekaa kitandani siku tatu mfululizo, na Mama hakusema kitu. Mimi niliona tumefaulu.

Lakini usingizi haukunijia vizuri. Sakafu ingepigwa tena mkesha wa Idd, na Bibi angetawadha tena, mara tano kwa siku, na kila mara angerudi na nyayo zilizolowa. Nikisugua vizuri, ataanguka mbele ya Mjomba. Nisiposugua, Mjomba ataingia, ataiona sebule ya mama yake imepauka, na atajua papo hapo kwamba mambo yameharibika. Mtoto wa miaka tisa hana mtu wa kumpelekea hesabu kama hiyo, hasa akiwa ameapa kunyamaza. Niliogopa kiasi kwamba nilimnyima yule kuku mahindi, kama vile ndiye aliyeanzisha.

Nilichofanya msinicheke. Siku ya pili mchana, Bibi alipolala, nilichukua majivu ya jikoni, maji ya moto na gunzi la mahindi, nikaanza kuiondoa polishi. Sikuiondoa yote. Nilikuwa nimemwangalia Bibi akitembea maisha yangu yote, nikajua anapopita: kutoka mlango wa chumba chake, pembeni ya ukuta wa kulia, chini ya dirisha, mpaka mlango wa uani. Nilisugua hapo tu, upana wa mswala wake, mpaka saruji ikawa kavu na yenye mikwaruzo kama ulimi wa paka. Ilinichukua michana miwili. Vidole vilichubuka, na nikamwambia Mama ni kwa sababu ya kufua.

Mkesha wa Idd Bibi alikaa mlangoni pa chumba chake kunisimamia, kiuno kimefungwa kanga mbili. Nilifungua kopo. Nilijua ataona.

"Anzia kule kwenye makochi," akasema. "Huku kwangu achia mwisho."

Nikaanzia kwenye makochi. Nilipofika karibu na njia yangu, akasema anasikia swala inakaribia, niache, panatosha. Nikashukuru Mungu kwamba macho yake yamezeeka.

Mjomba alifika siku ya Idd saa nne asubuhi, na soda, na nyama, na begi moja kubwa jeusi ambalo alilibeba kwa kidole kimoja. Alipiga goti, "Shikamoo, mama," Bibi akaitikia marahaba na kumshika kichwa kama bado ni mtoto. Lile begi alilisimamisha nyuma ya mlango. Nililigusa kwa mguu nilipopita, likaanguka lenyewe. Lilikuwa tupu. Nikajiuliza mtu mzima anasafirije na begi tupu, halafu pilau likaja nikasahau.

Mjomba alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kuangalia chini. Watu wa mashimoni wote wako hivyo, kabla ya kukanyaga wanaangalia. Alikula, akasifu pilau, akavisifu tena vigae vyake vya Geita, kwamba vinang'aa mpaka unaona uso wako. Mama alikuwa anaitikia tu huku akimwangalia Bibi. Ndipo ilipofika adhuhuri, na Bibi akanyanyuka kwenda kutawadha.

Nilishika sahani yangu kwa mikono miwili. Alikwenda. Tulisikia birika, tulisikia maji. Akarudi. Mlango wa uani ulifunguka akaingia, nyayo zinang'aa kwa maji, kiganja chake cha kushoto kikipapasa ukuta, na akatembea. Hatua kwa hatua alipita palepale nilipopasugua. Hakukanyaga nje ya njia hata kwa kidole. Akaacha alama za miguu, moja baada ya nyingine, kama mistari ya daftari. Akaingia chumbani.

Mjomba aliziangalia zile alama mpaka zikakauka. Bibi alipomaliza kuswali na kutoka, Mjomba akamuuliza, "Sakafu kapiga nani?"

"Zuhura," Bibi akasema, akininyooshea kidole.

"Mbona huku pembeni hakung'ai?"

Bibi akajiweka sawa kwenye kochi, taratibu sana.

"Polishi iliisha," akasema.

Kopo lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya kichwa chake, kifuniko wazi, nusu nzima imejaa. Mjomba alilitazama. Akanitazama mimi, na mikono yangu, na vidole vyangu. Halafu akaomba aongezewe kachumbari.

Kesho yake asubuhi hakuwepo. Alirudi na mti mrefu uliorandwa vizuri, vyuma vya kuufungia na nyundo ya kuazima. Mashimoni wanasimika magogo ya kuzuia kuta zisibomoke, wanayaita matimba, na Mjomba alikuwa amesimika matimba tangu ujana wake. Aliufunga ule mti ukutani, usawa wa kiuno cha Bibi, kuanzia mlango wa chumba chake mpaka mlango wa uani, juu kabisa ya njia yangu. Akafunga mwingine bafuni, na mbele ya kizingiti akamwaga zege lenye kokoto ili mtu asiteleze kwa maji. Bibi alisimama pembeni, amenuna.

"Mimi si kilema, Ramadhani."

"Shimoni, mama, hata kijana wa miaka ishirini anashuka ameshika kamba," Mjomba akasema bila kugeuka. "Sijasikia mtu akimwita kilema. Asiyeshika ndiye tunamfukuza kazi."

Bibi alifikiri. Kisha akanyoosha mkono, akaushika ule mti, akautikisa kwa nguvu kama anayejaribu uimara wa mtu. Haukutikisika. Akatembea ameushika mpaka mlangoni akarudi. Akasema umekaa chini kidogo, na Mjomba, jasho linamtoka, akaufungua na kuupandisha.

Alipoondoka, lile begi jeusi lilikuwa limejaa pomoni. Bibi alikuwa amelijaza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, mpaka zipu ikagoma, na Mjomba alilibeba begani kwa mikono miwili akilalamika njia nzima mpaka kituoni.

Bibi aliishi kwenye nyumba yake mpaka mwisho, na mwisho ulimkuta kitandani kwake, amechoka tu, mimi nikiwa nimeshaolewa. Kila Jumamosi sakafu ilipigwa, na kila Jumamosi aliniambia nianzie kwenye makochi. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba macho yake hayakuwa yamezeeka hata kidogo. Aliiona njia siku ya kwanza. Sikuthubutu kumwambia anaanguka kwa ajili ya fahari yake, na yeye hakutaka nijue kwamba amenisikia.

Na siri yetu je? Mwaka jana, nilipokuwa nachagua vigae vya nyumba yangu, Mjomba, ambaye sasa ana mvi na mkongojo, alinisindikiza. Nilichukua kigae kinachong'aa, nikakirudisha, nikachukua chenye mikwaruzo. Akacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini.

"Mama yako alinipigia jioni ileile bibi yako alipoanguka," akasema. "Kiganja kilikuwa kimevimba, mnadhani watu hawaoni? Lile begi nililokuja nalo lilikuwa la kubebea nguo zake."

Nilisimama na kigae changu mkononi. Nikamuuliza kwa nini basi hakumchukua.

"Niliona ile njia," akasema. "Nikajua mama ana mtu."

Nilimshika mkono tukatoka dukani, yeye upande wenye ukuta.